Safari ya Durba: mgodi wa kale wa Gorumbwa

Ni nani kati yenu asiyepata kusikia jina la Kilo-Moto? Wengi hudhani kwamba Kilo ni ile kilo ya mizani, na Moto ni ule moto wa kuyeyushia dhahabu. Sivyo hata kidogo. Haya ni majina ya mahali pawili, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Kilo iko katika Ituri, karibu na Mongbwalu na Bambu. Moto iko kaskazini zaidi, katika mkoa wa Haut-Uele, upande wa Watsa na Durba. Dhahabu ndiyo iliyoyaunganisha majina hayo, nayo yakabaki yameungana vinywani mwa watu kama jina la mume na jina la mke.

Safari hii hatukwenda Kilo. Tulitaka kuona upande wa Moto, hasa mgodi mmoja wa kale uitwao Gorumbwa, ulioko Durba. Tuliuchagua huo kwa kuwa mambo yote yaliyoyapata machimbo ya nchi yetu yaliupata huo mmoja: utajiri, jasho, vita, maradhi, halafu utajiri tena. Twawaomba mfuatane nasi polepole.

Njia ya kwenda

Tuliingia kwa mji wa Aru, penye mpaka wa Uganda, tukashika njia ya magharibi. Udongo wa nchi hiyo ni mwekundu, nayo mvua ikinyesha magari makubwa huacha mifereji ambamo pikipiki huzama hadi magurudumu yasionekane. Magari hayo hutoka mbali. Mengi hupakia mizigo yake bandarini Mombasa, hupita Kampala na Arua, ndipo huingia Kongo yamebeba vyuma, mafuta na saruji.

Njia hiyo si mpya kama tunavyodhani. Zamani za Wabelgiji nazo, vifaa vya migodi vilishushwa Mombasa, vikapanda gari la moshi hadi Uganda, vikavushwa Ziwa Albert kwa meli, vikapokelewa Kasenyi au Mahagi. Ndiyo kusema kwamba nchi hii ya dhahabu, iliyo mbali sana na Kinshasa, kwa miaka mingi imeutazama Bahari ya Hindi kama mlango wake. Ndiyo maana pia Kiswahili husikika Durba pamoja na Lingala, kando ya lugha za wenyeji.

Karibu na Watsa tuliuona mto Kibali. Si mto mdogo. Unashuka kuelekea magharibi mpaka Dungu, ambako unakutana na mto Dungu, na kuanzia hapo maji yao huitwa Uele. Uele hukutana na Mbomu, yakawa Ubangi. Na Ubangi huingia katika mto Kongo wenyewe. Basi tope linalooshwa katika vijito vya Durba laweza kusafiri hadi mbele ya Kinshasa. Jambo hilo mlikumbuke, maana tutalirudia.

Durba ni mji uliozaliwa na dhahabu. Sokoni tuliona maduka madogo yenye mizani juu ya meza na mnunuzi ameketi nyuma yake. Mahali pengine sarafu kuukuu na njiti za kiberiti ndizo hutumika kuwa mawe ya mizani. Kijana mwenye matope hadi magotini hufungua kikaratasi, humwaga vumbi la manjano lisilojaza ukucha, na macho yote humtazama mwenye mizani.

Tulipokelewa nyumbani kwa baba mmoja mzee ambaye ujana wake ulipita ndani ya Gorumbwa. Tulipotaka kumpa kiti kikubwa alikataa. "Wanangu," alisema, "ninyi ndio wageni, kaeni. Mimi nilikwisha kukaa gizani miaka mingi. Sasa napenda kukaa mlangoni." Ndiye aliyetuongoza katika yale yafuatayo.

Jinsi dhahabu ilivyoonekana

Mwaka wa 1903, wakati Kongo ilipokuwa bado mali ya mfalme Leopold wa Pili, wachunguzi wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien, waliona dhahabu katika mchanga wa vijito vya Ituri. Mwaka wa 1905 kazi ya kuchimba ilianza Kilo. Upande wa Moto ulifuata miaka michache baadaye. Mwaka wa 1908 nchi ikawa koloni la Ubelgiji, na serikali ya koloni ikaendeleza migodi. Mwaka wa 1926 ikaundwa kampuni kubwa ya kuisimamia yote miwili, ambayo watu waliizoea kwa jina la SOKIMO.

Nani walichimba? Si wale waliovaa kofia nyeupe. Machifu waliagizwa kutoa watu, na asiyetoa hesabu yake alijua litakalompata. Wanaume walitoka vijiji vya mbali kwa miguu, wakaacha mashamba kwa wake zao. Vijiji vilivyo karibu na migodi navyo vililazimishwa kulima vyakula vya kuwalisha wafanyakazi. Hivyo dhahabu iliwachukua hata wale wasioigusa: mama aliyekuwa kijijini akilima muhogo wa kupeleka kambini alikuwa mfanyakazi wa mgodi, ingawa jina lake halikuandikwa katika kitabu chochote.

Baadaye kampuni ilitambua kwamba mtu aliyekaa na jamaa yake hufanya kazi vizuri kuliko mtu aliyetekwa. Zikajengwa kambi za matofali, hospitali na shule. Wazee wa Durba huzikumbuka siku hizo kwa mioyo miwili. Mzee wetu alituambia: "Baba yangu alipelekwa kwa nguvu. Mimi nilikwenda kwa hiari. Lakini shimo lilikuwa lile lile."

Nchi ilipata uhuru mwaka wa 1960. Mwaka wa 1966 serikali ya Kongo ilichukua migodi na kuunda ofisi yake, OKIMO. Mitambo ilizeeka, fedha za kununua mipya zikakosekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Mobutu iliruhusu raia kuchimba madini wenyewe. Tangu hapo wachimbaji wadogo, wenye sururu na karai, walienea kila kilima. Mwalimu aliyekosa mshahara alikwenda kuchimba. Mkulima aliyekosa njia ya kuuzia kahawa yake alikwenda kuchimba. Na mara nyingine mtoto wa shule aliwafuata.

Mawe ya Moto yana nini ndani yake

Hapa tusimame kidogo tuyatazame mawe yenyewe, kwa maana watu wengi huchimba miaka kumi bila kuambiwa wanachimba nini.

Mawe ya nchi hii ni ya kale mno. Umri wake wapita miaka milioni 2,500. Wenye elimu ya mawe huyaita mawe ya kijani, kwa sababu ya rangi yake, na katikati yake mna tabaka za mawe ya chuma, mekundu na meusi, ambayo mengine huvuta sumaku. Zamani hizo, maji ya moto sana yalipanda toka chini ya ardhi kwa kupitia nyufa. Yalipopoa yaliacha yale yaliyobebwa ndani yake: jiwe jeupe gumu liitwalo kwatzi, jiwe la manjano liitwalo pirite, na dhahabu kidogo.

Pirite imewadanganya wengi. Ni chuma kilichochanganyika na salfa, nayo yang'aa kuliko dhahabu yenyewe. Tazameni jinsi ya kuzitofautisha. Pigeni kwa nyundo: pirite huvunjika ikawa unga mweusi wenye harufu ya kiberiti, dhahabu haivunjiki, hupondeka ikawa bapa kama jani. Lakini msiidharau pirite, maana huku Durba dhahabu nyingi imejificha pamoja nayo, tena kwa chembe ndogo ambazo jicho haliwezi kuziona.

Dhahabu ni nzito. Chupa ya lita moja ikijazwa maji ina uzito wa kilo moja. Kama ingejazwa dhahabu tupu ingekuwa na kilo 19. Kwa hiyo mvua inapovunjavunja mwamba na kuuteremsha mtoni, mchanga mwepesi huchukuliwa mbali, bali dhahabu huzama chini kati ya kokoto. Ndiyo sababu wachimbaji wa kwanza walianza katika vijito. Waliosha kokoto, wakapata ile iliyokwisha kutengwa na maji. Dhahabu ya mito ilipopungua ndipo walipoifuata ndani ya mwamba, wakatoboa mashimo na njia za chini kwa chini. Gorumbwa ulikuwa mgodi wa namna hiyo.

Katika mwamba mambo ni magumu. Tani nzima ya mawe ya nchi hii hutoa gramu chache tu, mara nyingi tatu hadi tano. Ninyi mlio na ndoa, itazameni pete iliyo kidoleni mwenu. Ili ipatikane hiyo moja, labda tani moja ya mwamba ilivunjwa, ikapandishwa, ikasagwa ikawa unga. Hata hivyo, tangu mwaka wa 1905, nchi ya Kilo-Moto imetoa dhahabu zaidi ya tani 300. Pigeni hesabu ya mawe wenyewe.

Miaka ya giza

Mwezi wa Agosti 1998 vita vilianza upya Kongo, na askari wa Uganda wakaikalia nchi ya Durba. Wachimbaji waliendelea kushuka Gorumbwa, lakini sasa chini ya bunduki.

Yafaa mjue jinsi mgodi wa chini ya ardhi unavyosimama. Wachimbaji wenye busara hawatoi mawe yote. Huacha nguzo za mwamba ili zibebe paa, hata kama nguzo hizo zina dhahabu nyingi. Ni kama mbegu: mwenye njaa huitamani, bali mwenye akili haili. Wakati wa vita nguzo za Gorumbwa zililipuliwa kwa baruti kwa ajili ya dhahabu iliyomo. Paa likaporomoka, watu wakafa chini yake. Wakubwa wa kazi hiyo hawakuwa wenye kushuka shimoni.

Mwaka wa 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda ilikuwa na hatia kwa ajili ya uporaji uliofanywa na askari wake katika Kongo. Mwaka wa 2022 mahakama hiyo iliagiza malipo ya dola milioni 325, na kati yake dola milioni 60 zilikuwa kwa ajili ya mali ya asili ya nchi. Fedha zaweza kulipwa; nguzo hazirudishwi.

Lakini bunduki haikuwa mbaya kuliko yote. Tangu mwezi wa Oktoba 1998 ugonjwa ulianza kuwashika vijana wa mgodini. Homa kali, kichwa, kutapika, kisha damu kutoka puani na mdomoni. Wakubwa wa kazi za zamani walikwisha kuona maradhi ya namna hiyo, na Durba waliyapa jina la mji wao. Mwezi wa Aprili 1999 daktari wa huko aliyewatunza wagonjwa alishikwa naye, akafa. Ndipo dunia iliposikia. Wataalamu walifika mwezi wa Mei, wakapima damu, wakaona ni homa ya Marburg, ndugu ya Ebola.

Ugonjwa uliendelea hadi mwezi wa Septemba 2000. Watu 154 waliugua, na 128 kati yao walikufa. Zaidi ya nusu walikuwa vijana wa kiume wachimbaji. Wataalamu walistaajabu, maana vijana wengi waliougua hawakuwa wamemgusa mgonjwa yeyote. Basi ugonjwa uliwapata wapi? Ulikuwa ndani ya shimo. Katika mapango ya Gorumbwa walikaa popo maelfu, wale wakubwa walao matunda. Na wachunguzi walipowapima baadaye waliona dalili za kirusi hicho katika miili yao. Mchimbaji aliyepita gizani kati ya popo alipanda juu akiwa amebeba dhahabu mfukoni na kifo katika damu.

Na akipanda, alikwenda wapi? Alikwenda nyumbani. Mke alimpangusa jasho. Mama alimwosha alipokufa, kama desturi yetu itakavyo. Hivyo ugonjwa wa shimo ukawa ugonjwa wa nyumba.

Hapa mzee wetu alinyamaza kwa kitambo. Kisha akasema: "Mtoto wangu wa kwanza alikuwa miongoni mwao. Mama yake alitaka kumkumbatia. Mimi nilimzuia kwa mikono yangu miwili. Hakuzungumza nami kwa miezi mingi." Mama mwenyewe alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta mchele, nasi tulisikia kwamba ungo umesimama. Baadaye ungo ukaanza tena. Hatukuuliza zaidi.

Ugonjwa ulikwishaje? Haukushindwa na dawa, kwa maana dawa haikuwapo. Mwaka wa 2000 maji yaliujaza mgodi. Popo walikosa makao, na watu hawakuweza kushuka tena. Maji yaliyoizika dhahabu ndiyo yaliyowaponya watu. Kwa miaka mingi Gorumbwa ikawa ziwa tu, na watoto wa Durba walikua wakiyatazama maji hayo bila kujua yamefunika nini.

Mgodi mpya

Mwaka wa 2009 makampuni mawili makubwa ya kigeni yalipata haki ya kuchimba huku, pamoja na kampuni ya serikali. Mgodi wao waliuita Kibali, kwa jina la mto. Dhahabu ya kwanza ilimiminwa mwaka wa 2013. Sehemu 45 katika mia ni za Barrick, iliyoungana na Randgold mwaka wa 2019. Sehemu 45 ni za AngloGold Ashanti. Na sehemu 10 ni za SOKIMO, ambayo sasa ni kampuni ya serikali yetu.

Kazi hiyo ni kubwa kupita fikira za wazee. Shimo la wima lashuka zaidi ya mita 700. Umeme hutoka katika maporomoko ya mito, katika vituo vya Nzoro, Ambarau na Azambi. Mawe husagwa yakawa laini kama unga wa mkate, pirite hupandishwa juu kwa mapovu, kisha dawa ya sianidi huyeyusha zile chembe zisizoonekana. Katika mwaka wa 2019 peke yake mgodi huo ulitoa dhahabu ya tani zaidi ya 25. Nayo Gorumbwa haikusahauliwa. Maji yake yalitolewa, na mashine zikaifungua toka juu hadi kile kilichokuwa pango kikawa bonde lililo wazi juani.

Ili kazi ianze, familia zaidi ya 4,000 za vijiji 14 zilihamishwa na kujengewa nyumba mpya mahali paitwapo Kokiza. Tulitembea huko. Nyumba zimepangwa kwa mistari, zina mabati. Mtu asiseme kwamba hakuna kilichofanyika. Wala mtu asiseme kwamba mabati ni sawa na shamba la babu, au kwamba kaburi lililohamishwa ni sawa na kaburi lililoachwa mahali pake. Mambo yote mawili ni kweli, na mwenye haki huyasema yote mawili.

Sheria iko, tuijue

Wazazi wapenzi, huenda mkasema: haya ni mambo ya wakubwa. La. Tangu sheria ya madini ilipogeuzwa mwaka wa 2018, kila kampuni ichimbayo dhahabu yapaswa kulipa mrabaha wa 3.5 katika mia. Fedha hizo hugawanywa hivi: nusu kwa serikali ya Kinshasa, 25 katika mia kwa mkoa, 15 katika mia kwa utawala wa mahali penyewe, yaani chiferi, sekta au mji ulio na mgodi, na 10 katika mia kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni hutoa 0.3 katika mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji.

Yasomeni maneno haya mara mbili, kisha muulizeni kwa adabu aliye na mamlaka kwenu: sehemu yetu ilifika? Ilijenga nini? Kuuliza si uasi. Mwenye nyumba huuliza habari za ghala lake.

Neno juu ya zebaki

Kandokando ya mgodi mkubwa bado wako wachimbaji wadogo wengi. Hao husaga mawe kwa mkono. Huko Kamituga, katika Kivu ya Kusini, wanawake wafanyao kazi hiyo huitwa "twangaises": neno letu la kutwanga limevishwa kilemba cha Kifaransa. Wakisha kutwanga na kuosha, wengi hutia zebaki, ile maji ya fedha, ambayo huzikusanya chembe za dhahabu zikawa donge. Kisha hulichoma donge ili zebaki iondoke ibaki dhahabu.

Zebaki haiondoki, huhama tu. Moshi wake hauonekani wala hauna harufu, lakini huingia mapafuni, na mwenye kuuvuta mara nyingi huanza kutetemeka mikono, kusahau, na kuugua figo. Huvuka hata kwa mtoto aliye tumboni na kuharibu ubongo wake. Ile inayomwagwa huingia mtoni, hushika samaki, na samaki hurudi mezani kwetu. Mlikumbuke lile tulilosema juu ya safari ya maji ya Kibali.

Kwa hiyo twawasihi: msichome donge ndani ya nyumba wala jikoni. Sufuria iliyotumika kwa kazi hiyo isipikiwe kamwe. Mama mwenye mimba na watoto wakae mbali. Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huukamata moshi na kuirudisha zebaki ikawa maji tena. Wachimbaji wakichangiana waweza kukipata, nacho huwaokolea fedha pia, maana zebaki hununuliwa ghali.

Hesabu ya mzee

Siku ya mwisho tulimkuta mzee akibishana na mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minne, mtoto wa binti yake. Kijana alitaka kuacha shule akafuate wenzake mashimoni. Alisema: "Babu, rafiki yangu alipata katika wiki moja kuliko mshahara wa mwalimu." Naye hakusema uongo, mambo hayo hutokea.

Mzee hakumfokea. Alimwambia: "Keti, tupige hesabu ya nyumba hii." Akaanza kuhesabu kwa vidole. Baba yake alichimba maisha yake yote: ilibaki nini? Blanketi moja na kikohozi. Yeye mwenyewe alichimba miaka ishirini na zaidi: katika mshahara wake alinunua shamba, akapanda kahawa na michikichi, akamsomesha binti yake akawa muuguzi. Mwanawe wa kwanza alichimba miaka minne. Alipata dhahabu nyingi kuliko baba na babu yake. Alinunua redio na pikipiki, na pikipiki iliuzwa kwa gharama ya maziko.

"Dhahabu yote tuliyoitoa sisi watatu," alisema mzee, "iko nchi nisizozijua. Kilichobaki kwetu ni lile shamba na kazi ya mama yako. Hayo mawili hayakutoka shimoni. Yalitoka katika fedha tulizokataa kuzila. Ukitaka kwenda, sitakufunga kamba. Lakini niambie kwanza: zile utakazopata, utazipeleka wapi?"

Kijana alinyamaza. Hatuwezi kuwaambia kwamba alibadilika siku ile, maana tuliondoka kabla hajajibu. Tulipopanda pikipiki alitusaidia kufunga mizigo, akatuuliza kama ni kweli kwamba lita moja ya dhahabu ina uzito wa kilo 19. Tulimjibu kwamba ni kweli. Akauliza: "Nani aliyepima?" Tukamwambia kwamba mambo hayo hufundishwa shuleni, katika madarasa ambayo yeye bado hajayafikia.

Wasomaji wapenzi, hatukuja kuwaambia kwamba kuchimba ni aibu. Wako baba wengi walio waaminifu ambao watoto wao hula kwa sababu ya sururu. Lakini swali la mzee wa Durba ni la kila nyumba iliyo karibu na machimbo, ya dhahabu au ya madini mengine yote. Liwekeni mezani jioni hii, mume na mke pamoja, na watoto wakubwa wasikie. Zitakazopatikana, zitakwenda wapi?